Mlango wa Kapteni Chuma

Sogea unisikilize, hasa kama wewe ni wa rika langu, uliyekulia zama zile picha za ng'ambo zilipokuwa zinatufikia zikiwa na sauti ya mtu wa kwetu juu yake. Na kama hukuzikuta zama hizo, usiondoke. Nitakueleza taratibu, maana bila kuelewa kwanza namna tulivyokuwa tunaangalia, hutaelewa kwa nini niliishi miaka mingi nikimwonea wivu dada yangu kwa sababu ya tamthilia ambayo yeye hata hakuiona kwa macho.

Juzi nilifungua kabati la jikoni nikitafuta kibiriti. Mfuko wa karafuu nilioletewa kutoka Kinole, kijijini kwetu mlimani, ulikuwa umetoboka pembeni, na harufu ikanipiga usoni. Karafuu iliyotoka mlimani haifanani na ile ya dukani. Ya dukani imechoka na safari. Hii inapanda puani, inakwenda mpaka nyuma ya macho, halafu inabaki hapo. Nilisimama nimeshika mlango wa kabati, na pale pale nikawa mtoto wa darasa la nne, mtaani kwetu Mafiga, mjini, nimesimama nje ya pazia la chumba cha dada yangu, nasikia watu wanacheka ndani, na aliyewachekesha si mimi.

Nianze na kibanda. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha video cha Kaka Sefu, kimejengwa kwa mabanzi na bati, matundu yamezibwa kwa magunia ili jua lisiingie kwenye kioo cha televisheni. Ndani mlikuwa na joto la kutosha kukausha dagaa. Jioni palikuwa pa wakubwa na mpira wao. Mchana wa Jumamosi na Jumapili palikuwa petu watoto, na kilichotupeleka kilikuwa tamthilia moja isiyokwisha. Ilikuwa na jina la Kizungu ambalo hakuna aliyelijali. Sisi tuliiita "Chuma", kwa jina ambalo mtafsiri alimpa shujaa wake: Kapteni Chuma.

Mtafsiri mwenyewe hakuwapo kibandani. Sauti yake ilikuwa ndani ya sidii. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, hatukumjua sura, anaangalia picha huku anatuambia kwa Kiswahili kila kinachosemwa, na sauti za wenyewe zimeshushwa mpaka zinasikika kama majirani wanaozungumza ukutani. Aliigiza wote: mwanamke, mtoto, mzee, hata mashine. Na palipokuwa hapana la kutafsiri, hakunyamaza, kwa sababu akinyamaza watu wanadhani sidii imekwama na wanaanza kumpigia Kaka Sefu kelele. Kwa hiyo alijaza. Aliwasalimia rafiki zake, alisifia duka la simu la shemeji yake, aliwatakia safari njema madereva waliosimama Mikese kununua mahindi ya kuchoma. Kumbuka hilo la kutonyamaza. Tutalihitaji mbele.

Sasa Kapteni Chuma. Alikuwa anaongoza meli kubwa inayokwenda angani, imebeba watu ambao dunia yao imeungua, wanatafuta dunia nyingine ya kukaa. Kila wiki inatokea hatari, kila wiki yeye anawaokoa. Watoto wenzangu walimpenda kwa bunduki yake na kwa jinsi alivyokuwa anaruka. Lakini ukapteni ule haukuwa wake. Ulikuwa wa kaka yake mkubwa, mtu mpole ambaye baba yao alimpenda zaidi na abiria wote walimpenda zaidi. Siku moja kaka yake alitoka nje ya meli kuziba palipopasuka, amevaa lile vazi la kupumulia, na wavamizi wakatokea. Chuma alikuwa mlangoni. Angeweza kusubiri kidogo. Alimwona kaka yake kwenye kidirisha, anakuja, amenyoosha mkono. Akabonyeza kitufe, mlango ukafunga, meli ikaondoka. Akawaambia abiria kwamba mtambo wa mlango uliharibika. Wakalia, wakampa kiti cha kaka yake.

Watoto wengine walisahau jambo hilo baada ya wiki mbili tatu. Mimi sikulisahau, na nitakuambia ukweli kama ulivyokuwa: hilo ndilo lililonifanya nimpende. Nilikuwa nimemwelewa. Nilimtazama akiwa amekaa kwenye kile kiti, anaheshimiwa, na nikajisemea moyoni kwamba kumbe mtu mwenye wivu anaweza kuwa mtu mkubwa.

Maana nami nilikuwa na mkubwa wangu. Dada Zuhura alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri matokeo, na katika kipindi hicho cha kusubiri akavunja ungo. Kwetu Waluguru, wakati ule, hilo halikupita kimya. Alitiwa ndani, akawa mwali. Zamani mwali alikaa ndani miezi na miezi, lakini Mama alisema zama za shule hizi, atakaa likizo hiyo tu halafu atatolewa. Chumba chetu kikawa chake peke yake, mimi nikahamishiwa mkeka wa sebuleni. Baba hakuruhusiwa hata kupita karibu na pazia. Alizungukia uani kama mgeni kwenye nyumba yake. Dada alipakwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Alipikiwa vyake. Kuku alipochinjwa, firigisi iliingia kwa mwali, na mimi niliyemkimbiza kuku yule uwanja mzima nikapewa shingo.

Halafu Bibi akaja kutoka Kinole, kumfunda mwali. Hapo ndipo wivu wenyewe ulipoanza, huo mwingine ulikuwa mazoezi tu.

Bibi alikuwa wangu. Nilikuwa nimeamua hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa ushahidi ufuatao: kila akija, nikimwambia shikamoo, aliitikia, "Marahaba, mke mwenzangu." Unajua utani huo wa bibi na mjukuu, kwamba wote mmeolewa na babu mmoja. Babu mwenyewe alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini mimi nililichukua jina hilo kama cheo. Niliamini kuna nafasi moja tu ya mke mwenza na nimepewa mimi. Safari hiyo Bibi alishuka kwenye gari la mazao na kiroba chake cha karafuu zisizochambuliwa, nikamkimbilia, nikampa shikamoo yangu. Akaitikia marahaba, akanishika kichwa, halafu akaangalia juu ya kichwa changu kuelekea mlangoni, akauliza, "Mke mwenzangu yuko wapi? Amekula?"

Nilibeba kile kiroba mpaka ndani. Kilikuwa kizito na kilinukia, na mpaka leo siwezi kutenganisha harufu ile na maneno yale.

Mwali haruhusiwi kutoka, kwa hiyo Dada, aliyekuwa akiisikia Chuma mtaani tu, sasa aliikosa kabisa. Alimlilia Bibi kwa sauti yake ya chini, maana mwali hapazi sauti. Bibi, ambaye hakuwahi kuona kibanda cha video maishani mwake, akatoa amri kwamba Asia, yaani mimi, aende kwa niaba ya mwali, aangalie vizuri, arudi aseme. Mama alikuwa na wasiwasi na vibanda, lakini aliniruhusu. Mwali alikuwa hanyimwi.

Basi nilitumwa kuangalia televisheni kama watoto wengine wanavyotumwa maji. Nilikaa benchi la mbele, sikutafuna kitu, sikupepesa macho. Nikirudi nilikaa chini nje ya pazia, halafu kidogo kidogo nikaruhusiwa ndani, na nilisimulia kila kitu kwa mpangilio wake: nani alisema nini, taa ilikuwa rangi gani, nani alipigwa risasi. Sikuongeza wala kupunguza. Nilijivunia hilo. Bibi na Mama walikuwa wamekaa kwenye jamvi wanachambua karafuu, wanatenga na vikonyo vyake, na jirani yetu Mama Tatu alikuwa anaingia akimaliza kazi zake. Walikuwa wananisikiliza kama unavyosikiliza redio ukiwa na kazi mkononi. Dada alikuwa anainamisha kichwa, kama mwali anavyotakiwa, na anauliza vitu vidogo ambavyo niliviona vya kijinga. Mlango ule una kidirisha? Kapteni anasimama karibu nao kiasi gani? Anaupa uso au mgongo?

Nikamjibu. Kila sehemu ya tamthilia inapoanza, kabla ya mambo ya wiki hiyo, Kapteni Chuma anakwenda peke yake mpaka kwenye mlango ule aliomfungia kaka yake. Anasimama ameuelekea, sisi tunamwona mgongo. Anakaa hapo muda kidogo. Hakuna kinachotokea. Hapo ndipo mtafsiri anaposalimia watu.

Siku moja nilitumwa dukani kununua sabuni, na niliporudi nikasikia kicheko nyuma ya pazia, cha wanawake wengi. Nikafunua. Dada alikuwa anasimulia Chuma. Tamthilia yangu, niliyoileta mimi, kwa macho yangu. Alikuwa anaisimulia kwa kunong'ona, kwa kuwa ndiyo sauti pekee aliyoruhusiwa, na kwa sababu ya kunong'ona wote walikuwa wamemwinamia. Mama Tatu alikuwa ameacha mdomo wazi. Bibi alikuwa ameshika karafuu moja mkononi, haitengi wala haitupi. Mimi niliyekuwa nasimulia kwa sauti ya kusikika mpaka uani, hakuna mtu aliyewahi kuniinamia.

Kumbe walikuwa wakifanya hivyo kila siku nikiwa shambani kwa Mama au dukani. Nilipokuwa nawaletea tamthilia walikuwa wanapokea kama unga, halafu yeye ndiye anayepika.

Tena alikuwa anaipindua. Katika hadithi ya Dada, Kapteni anapofika mlangoni hasimami tu. Anaweka paji la uso kwenye kile kidirisha. Anasema, "Kaka, nilikuona. Nilikuona unakuja." Kisha analia kimyakimya, anafuta uso kwa mkono wa koti, anarudi kwa watu wake na uso mkavu. Na alipofika hapo, Bibi aliguna kwa ndani, Mama Tatu akavuta upindo wa kanga yake machoni, na Mama akainuka akasema anakwenda kuangalia chungu.

"Uongo," nikasema. "Hakusema hivyo. Hakulia. Mimi nimeona."

Wakanigeukia wote. Dada hakuinua kichwa.

"Alisimama tu," nikasema. "Hana habari na kaka yake. Yeye ndiye kapteni sasa."

Dada akauliza, pole pole, akiwa anaangalia jamvi: "Kama hana habari naye, mlangoni anafuata nini kila siku?"

Nilisema tena kwamba mimi ndiye niliyeona. Bibi akacheka kicheko chake kifupi akaniambia, "Njoo ukae, wewe shahidi. Mahakama imefungwa. Mwache mke mwenzangu amalize."

Nilikaa. Sikusikia chochote kilichofuata. Nilikuwa natazama magoti ya Bibi, yaliyokuwa yameegemea ya Dada.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinagombewa, kama nilivyokielewa mimi. Bibi alikuwa amesema tangu siku aliyofika kwamba miguu yake imechoka na milima, na kwamba akirudi Kinole hatarudi peke yake; atakwenda na mjukuu mmoja wa kukaa naye. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba hufuata huko huko, kwa hiyo shamba la Bibi lenye mikarafuu na midalasini na pilipili manga lilikuwa linasubiri binti. Hayo ya ukoo sikuyajua wakati huo. Nilijua tu kwamba mmoja wetu atakaa na Bibi siku zote, atalala naye, ataitwa mke mwenza asubuhi na jioni, na mwingine atabaki Mafiga anakula shingo. Nikaona yale masimulizi ndiyo mashindano yenyewe. Anayesimulia vizuri ndiye atakayechukuliwa. Na nilikuwa nashindwa, na mtu ambaye hata kibandani hajafika.

Nilijitahidi. Jumamosi iliyofuata nilijaribu kunong'ona. Mama akaniuliza kama naumwa koo. Nikajaribu kuongeza machozi kwa mtu mmoja aliyepigwa na wavamizi, lakini Bibi akaniuliza jina lake na nikawa silijui. Dada alinisikiliza kwa heshima, ameinama, na nikaona vidole vyake vinacheza kwenye kanga, anakusanya. Kila nilichokitoa kilikuwa kinakwenda kuwa chake. Usiku ule kwenye mkeka wangu niliwaza kitufe cha Kapteni Chuma, na jinsi mlango ulivyofunga bila kelele.

Matokeo ya darasa la saba yalitoka Dada akiwa bado ndani. Alifaulu. Mama aliingia kumwambia, akakaa huko muda mrefu, akatoka amekunja uso. Nilidhani Dada amevimba kichwa kwa kufaulu. Siku chache baadaye Mjomba, kaka yake Mama, alikuja, akala, akazungumza na Bibi na Mama uani, na ilipofika jioni ikajulikana: Zuhura atakwenda Kinole na Bibi, na sekondari atasoma huko huko. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda cha Kaka Sefu nikalia mpaka nikasikia njaa.

Siku ya kumtoa mwali ilikuwa ya ngoma tangu asubuhi. Dada alibebwa mabegani, amefunikwa kanga mpya, amepakwa mafuta anang'aa, vigelegele mpaka masikio yanaziba. Watu wa mtaa mzima walimtunza pesa. Nilisema moyoni kwamba hata meli yote ya Kapteni haikuwahi kumshangilia mtu namna ile. Kesho yake gari la mazao lililokuwa linapanda milimani na matenga matupu likawachukua. Kabla hajapanda, Dada alinivuta pembeni. Sasa alikuwa ameruhusiwa kuniangalia usoni, lakini mimi sikumwangalia.

"Asia," akasema, "Chuma ikiisha utakuja kunisimulia mwisho wake?"

"Wewe unaujua," nikamwambia. "Utautunga."

Akapanda. Gari lilipoondoka nilichokiona ni mkono wa Bibi umeshika mkono wake, juu ya tenga. Hicho tu. Sikutazama sura ya mtu yeyote.

Miaka ikaenda. Nilibaki Mafiga nikasoma. Chuma iliendelea na kuendelea. Kuna wakati sidii hazikuja mwaka mzima, halafu zikaja kwa mpigo. Kaka Sefu alivunja kibanda akajenga vyumba vya kupangisha, na mwisho wa tamthilia sikuuona. Likizo nilikuwa napanda Kinole. Nilimkuta Dada kwenye sare ya shule ya kata, kisha kwenye buti za shambani, kisha na watoto wake. Bibi alikuwa ananiita mke mwenzangu na mimi, alikuwa anatuita wote, kumbe siku zote alikuwa anawaita wajukuu wote wa kike wa ukoo mzima hivyo. Lakini wivu haukusikia maelezo. Bibi alipofariki, Dada ndiye aliyejua nguo gani atoe, maneno gani ya mwisho yalisemwa, mti gani aliupenda. Nilikaa kwenye jamvi la msiba nikimsikiliza anawasimulia wageni siku za mwisho za Bibi, kwa ile sauti yake ya chini, na watu wamemwinamia. Nikaona mimi ni mgeni pia.

Mwaka huu kijana mmoja kazini aliniwekea Chuma yote kwenye simu. Aliniambia hii ni ile yenyewe, haina mtafsiri, maandishi tu chini. Nikaifungua jioni moja kwa kucheka, nikitaka kuona tu lile vazi la kupumulia linavyoonekana kuwa limetengenezwa kwa maboksi. Ikafika pale mlangoni. Kapteni amesimama, ametugeuzia mgongo, kama nilivyomwacha. Ila sasa hakuna mtu anayesalimia madereva wa Mikese. Kulikuwa na kimya, na ndani ya kile kimya, sauti ya mtu anayelia akijizuia. Kisha akazungumza, karibu anong'one, akiwa ameuelekea mlango. Maandishi yakatokea chini: alikuwa anamsimulia kaka yake habari za siku hiyo. Nani amezaliwa melini, nani amekufa, wamebakiza mwendo gani. Mwisho akasema, "Nilikuona." Nikafungua sehemu nyingine, na nyingine: kila inapoanza, miaka yote ile, alikuwa anasema hivyo, na mtafsiri wetu alikuwa anampigia kelele juu yake kwa sababu alidhani hapo hapana kitu.

Nilizima simu nikakaa. Unajua kilichoniuma? Hata sikufurahi kwamba nimejua. Nilimwonea Dada wivu upya. Mimi nilikaa benchi la mbele bila kupepesa macho nikaona mgongo. Yeye alikaa gizani nyuma ya pazia akaona uso.

Siku zilizofuata niliiangalia Chuma mpaka mwisho, kisha nikapanda Kinole, simu ikiwa mfukoni imejaa chaji. Nilimkuta Dada Zuhura nyuma ya nyumba kwenye jamvi, anachambua karafuu, vidole vimekuwa vyeusi. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikachukua fungu langu nami nikaanza kuchambua, maana kwake hukai bure. Nikamwambia kila kitu. Kwamba alikuwa sahihi. Kwamba Kapteni alilia, tena alisema karibu maneno yale yale.

Hakushangaa. Alitupa vikonyo pembeni akasema, "Angekosaje kusema? Mtu amefungia ndugu yake nje."

"Ulijuaje na wewe hukuona?"

"Wewe ulikuwa unamwangalia Kapteni," akasema. "Mimi nilikuwa namfikiria yule wa nje."

Akaendelea kuchambua, na bila kuniangalia, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimekaa karibu nalo utoto wangu wote. Alikuwa anataka kusoma sekondari mjini. Alikuwa amemwambia Mama tangu siku ya kwanza ya kutiwa ndani, kwa sababu alijua Mjomba na Mama walishakubaliana juu ya shamba kabla Bibi hajashuka kutoka mlimani. Mama alimjibu kwamba maneno ya Mjomba hayavunjwi. Mwali hawezi kubishana, hawezi kupaza sauti, hawezi hata kumwangalia mkubwa usoni. Alichokuwa nacho kilikuwa ni hadithi niliyomletea.

"Nilikuwa namsimulia Mama," akasema. "Nyie wengine mlikuwa mnasikia tu."

Nikakumbuka Mama anavyoinuka kila hadithi inapofika mlangoni, anakwenda kuangalia chungu. Siku zote nilidhani ilikuwa inamchosha.

"Na mimi nilidhani unashindana nami kwa ajili ya Bibi," nikasema. "Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa."

Dada akacheka, kwa sauti, kicheko cha Bibi kabisa. "Wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu. Ulikuwa unaingia una vumbi miguuni. Nilikuwa nainama naangalia lile vumbi. Nasema huyu ametembea, ametoka nje kwenye jua, amekaa kibandani na wenzake, halafu anakuja kunung'unika hapa kwa ajili ya firigisi." Akachambua kidogo. "Bibi nilimpenda baadaye. Shamba pia, baadaye. Sasa hivi ukinipa Mafiga sichukui. Lakini ile siku ya gari, Asia, wewe ungeniangalia tu."

Nikatoa simu mfukoni, nikaitafuta ile sehemu, nikamsogezea. Akausukuma mkono wangu kwa kiwiko, kwa kuwa vidole vilikuwa na karafuu.

"Usinionyeshe. Nitaona maboksi tu. Uliahidi kunisimulia mwisho."

"Sikuahidi. Nilikujibu vibaya."

"Basi ahidi sasa. Aliufungua ule mlango?"

Nilizima simu nikaiweka chini. Nikaanza kumsimulia, na sijui ni kwa sababu ya uchovu wa safari au nini, sauti yangu ikatoka ndogo. Nilipofika pale Kapteni anapowakusanya abiria wote na kuwaambia kwa kinywa chake nani aliyefunga mlango, Dada aliacha kuchambua. Nilipofika pale anaposhuka kwenye kile kiti, alikuwa ameshaniinamia, amenipa sikio, karafuu moja imesimama mkononi mwake.

Bado namwonea wivu, sitakudanganya. Nilipomaliza, aliniuliza swali moja, nani aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya wale abiria, na nikatambua kwamba kufikia kesho hadithi hiyo itakuwa yake tena, na itakuwa nzuri kuliko nilivyoileta. Ila safari hii nilimjibu vizuri. Nilimwambia nguo aliyokuwa amevaa.

Na wewe, kama kuna ndugu mliyekua naye huku ukimpimia kila kitu alichopewa, usihangaike kutafuta maneno makubwa. Nenda nyumbani kwake mchana, chukua kazi aliyonayo mkononi mgawane, halafu mwombe akusimulie siku moja ya utoto wenu ambayo wewe unaikumbuka vizuri sana. Akikosea, usimsahihishe mpaka amalize.